Boti ya Matumbo Matatu

Mwezi uliopita nilikuwa nikitoa gari nyumbani nikagonga nguzo ya geti. Bampa ikapasuka, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kitwe anayetengeneza vitu vya plastiki ngumu nyuma ya soko. Alikuwa amekoroga dawa yake ndani ya kopo la maziwa ya unga, anaipaka juu ya kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo. Harufu ilinifikia kabla sijamwona yeye mwenyewe: kali, tamu kidogo, kama pipi iliyoungua kwenye sufuria. Aliniuliza kama ninajisikia vibaya, maana nilikuwa nimesimama tu, funguo mkononi. Nikamwambia harufu hiyo naijua. Akasema wateja wengi huikimbia. Sikumweleza zaidi. Ningelazimika kuanza na kuku, na mtu alikuwa kazini.

Kuku walikuwa wa Bana Chola, mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache pale Nchelenge, karibu na ziwa. Nyuma ya vyumba alikuwa na kibanda cha nyasi, na ndani ya kibanda kulikuwa na boti nyeupe ambamo kuku wake walitagia mayai. Boti hiyo ililetwa na muzungu mmoja, injinia wa barabara. Aliivuta nyuma ya gari ikiwa imekunjwa, akaikunjua ufukweni, na kila Jumamosi akawa anakwenda nayo peke yake kwa tanga, bila injini, bila kelele, kwa mwendo ambao watoto hatukuweza kuufuata kwa miguu. Kazi yake ilipoisha alimwachia Bana Chola, aliyekuwa akimpikia, akaenda kwao. Hakuna aliyeitaka. Wavuvi waliizunguka, wakaigongagonga, wakauliza mtu atatupia nyavu wapi.

Watu waliiita boti ya matumbo matatu. Tumbo la katikati lilikuwa refu, ndimo watu walimokaa. Mengine mawili yalikuwa membamba, moja kila upande, yameshikwa na mikono ya chuma chepesi iliyoweza kukunjwa. Kati ya tumbo na tumbo palitandikwa wavu uliokazwa sana, mtu angeweza kuulalia. Mimi, katika akili yangu ya miaka saba, nilijua kwamba ile ni familia: mama na watoto wake wawili. Niliwahurumia watoto. Niliona wameshikwa na vyuma ili wasikimbie.

Papa yangu alikuwa seremala. Kabla ya vita alitengeneza boti kule ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Kilwa ya huko. Huku Zambia alitengeneza vitanda na milango, na nadhani kila mlango aliouchonga aliutazama akiwaza ungeelea vipi. Mama aliuza vitenge, sabuni na chumvi. Alivipeleka kwa lori kaskazini mwa ziwa, Puta na, mbele yake zaidi, Chienge, akirudi na chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa mchangani, ambao nguo zetu zote zilinuka harufu yao. Nyinyi mliokulia ufukweni miaka ileile mnaikumbuka barabara ile wakati wa mvua. Lori lilikwama kwenye tope, watu wakalala juu ya mizigo. Safari moja Mama alirudi siku ya tatu na bunda la vitenge vilivyoota ukungu. Hakulalamika. Aliosha miguu, akakaa juu ya kiti kidogo karibu na meza ya Papa ya kazi, akasema, "Papa Solange, tutafute boti."

Papa aliacha kupiga randa. Solange ni mimi, na yeye alimtazama Mama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Tangu tulipovuka kuja Zambia, Mama hakuwa ameingia ziwani hata mpaka magotini. Siku ya kuvuka boti ilijaa watu kupita kiasi, maji yakaingia, na yeye alikuwa na mimi mgongoni. Mimi sikumbuki kitu. Nilichojua ni kwamba hata kufua alikuwa anachota maji kwa beseni na kupanda nayo juu, mbali na mawimbi.

"Boti?" Papa alisema. "Na weye utaingia?"

"Nitaingia ile yenye haipinduke."

"Lakini iwe na mbio."

"Ianze na kutokupinduka," Mama alisema. "Mbio itafuata nyuma."

Hapo ndipo ulipoanza msimu mzima wa kuchagua. Sijawahi tena kuona watu wawili wakichagua kitu kwa bidii namna ile, hata waliokuwa wanachagua mchumba. Papa alitaka mbio kwa sababu upepo wa mchana kwenye ziwa Mweru hauna urafiki, na boti inayochelewa unaikuta iko katikati ya mawimbi. Mama alikuwa na maswali yake, na hayakuwa ya mtu asiyejua. Watu wawili wanaweza kuivuta mchangani bila kuita kijiji? Inapita juu ya maji mafupi, pale kwenye matete? Vitenge vitakaa wapi visilowe? Petroli ikikosekana, inakwenda na nini?

Kwanza walijaribu boti ya mbao ya jirani yetu, Bashi Mwape, mzee mcheshi aliyetaka kuiuza ili apumzike. Ilikuwa pana kama kitanda cha harusi na ilibeba kila kitu. Lakini ilihitaji wanaume sita kuivuta, na injini yake ilikunywa kama mtu mwenye homa. Mama aliingia ikiwa bado juu ya mchanga, akapapasa ubao wa chini, akakuta umelowa. Akatoka. Ya pili ilikuwa mtumbwi mrefu mwembamba wenye tanga la magunia yaliyoshonwa. Huo ulikuwa na mbio kweli. Papa aliupenda moyoni, ulimwangusha majini mara mbili mbele ya watu waliokuwa wakianika samaki, na mara zote mbili alitoka akitabasamu. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema tu, "Weye unaogelea. Vitenge haviogelee."

Ndipo Papa akaenda kwa Bana Chola, akawafukuza kuku.

Nilikwenda naye kila siku baada ya shule. Tuliisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikawa nyeupe tena. Tumbo la kushoto lilikuwa na ufa, na muzungu alikuwa ameacha kopo la dawa na kitambaa cha nyuzi. Papa alinipa kazi ya kushika kopo la maziwa alimokorogea, ndiyo ile harufu. Akanionyesha pia, nyuma ya kila tumbo dogo, kizibo cha plastiki cha kuzungusha, kikubwa kidogo kuliko cha chupa.

"Bila hii, mutoto anakunywa mayi," alisema. Naye pia aliyaita watoto. Nilifurahi kwamba tunaelewana.

Siku mbili kabla ya kuijaribu, nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya karanga. Papa na Mama walikuwa upande wa pili wa ukuta, wakidhani niko kwa jirani.

"Bana Chola anasema iko ya batu batatu," Papa alisema. "Muzungu alimwambia. Batu batatu na mizigo kidogo."

"Batatu, njo nani?"

"Njo weye, miye na mutoto."

"Na Solange?"

"Atabakia kwa jirani, kwa Bana Mwape."

Nilingoja Mama akatae. Nilisikia anahamisha sufuria. Kisha akasema, "Nitawaza."

Mutoto, nyumbani kwetu, alikuwa Trésor, mdogo wangu, ambaye bado alikuwa ananyonya. Na mnielewe vizuri: mwezi ule familia iliyokaa nyuma yetu ilikuwa imerudi Kongo. Walibeba vitanda, sufuria, mpaka mlango. Mbwa wao hawakumbeba. Kila asubuhi nilimwona amekaa mbele ya tundu lililokuwa mlango, anatazama njia. Basi niliyaweka pamoja yote niliyoyajua: Papa anayeangalia ng'ambo kila jioni, boti inayokwenda mbio, nafasi tatu, na sisi wanne. Hesabu ilitoka vibaya kwangu. Niliweka karanga chini, nikaenda kumpa yule mbwa ugali wa jana.

Jumamosi asubuhi waliipeleka boti majini. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, mwepesi, kama unavyokuwa saa hizo. Bashi Mwape alikuja kusaidia kusimamisha mlingoti. Walipokuwa wanatazama juu wote wawili, wakibishana kuhusu kamba, nilipita nyuma kwenye maji ya kunifika magotini, nikazungusha kizibo cha tumbo la kushoto, kikatoka. Nilikishika ndani ya ngumi. Sikutaka mtu afe. Nilitaka boti inywe maji hapo karibu, Papa aichoke, arudishe kuku. Papa alikuwa anaogelea kama samaki. Nilikuwa nimeliwaza hilo na kuridhika nalo.

Sikuwa nimewaza kwamba Mama angekuja. Alishuka ufukweni akiwa na Trésor mgongoni. Alimfungua, akampa Bana Mwape, mke wa Bashi Mwape. Kisha akakaza kitenge kiunoni, akaingia majini. Maji yalimpita vifundo, yakampita magoti. Watu waliokuwa wakigeuza samaki waliacha kugeuza.

"Mama Solange, si leo," Papa alisema. "Kwanza niijaribu miye."

"Siwezi kuchagua kitu na macho ya mutu mwingine," alisema Mama, akapanda.

Nilifungua mdomo. Ninakumbuka vizuri jinsi nilivyoufungua na hakuna kitu kilichotoka, na kizibo kilivyokuwa kinanichoma kiganjani kana kwamba ni cha moto. Papa alivuta kamba, tanga likajaa, na boti ikaondoka kama kitu kilichokuwa kinangoja ruhusa.

Walikwenda kaskazini, sambamba na ufuko, upande wa Kashikishi. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilipita mitumbwi miwili ya wavuvi kana kwamba imetiwa nanga. Upepo ukitoka kulia, boti iliegemea kushoto, juu ya tumbo lile lile. Nilikimbia mchangani nikiifuata, nikiruka samaki wa watu. Kadiri ilivyokwenda nililiona tumbo la kushoto linazidi kuzama, halirudi juu baada ya wimbi. Boti nzima ikawa inachechemea. Nikasimama, nikageuka, nikamrudia Bashi Mwape mbio.

"Ba Mwape, nimetosha kizibo, nimekitoa," nilimwambia, nikafungua ngumi.

Alikiangalia kile kitu kidogo cha plastiki, akaangalia ziwani. Hakunigombeza. Aliweka kofia chini, akasukuma boti yake ya mbao pamoja na wanaume wote waliokuwa karibu, akaanza kuvuta kamba ya injini. Injini ilikohoa. Akavuta tena, ikakohoa tena. Bana Mwape alinishika bega kwa mkono wake usiokuwa na Trésor, kwa nguvu, na hakuliachia.

"Awe, hapana mukwai, tazama," alisema.

Papa alikuwa ameigeuza. Tanga lilipepesuka, likahamia upande mwingine, na sasa walikuwa wanaelekea kwetu na upepo ukiwapiga kutoka kushoto. Boti ikaegemea kulia, juu ya tumbo zima. La kushoto likaanza kuinuka polepole, zito, na lilipotoka majini maji yalianza kumwagika nyuma yake kupitia lile tundu, mkondo mrefu unaong'aa, kama ng'ombe anayekojoa. Mtu mmoja pale ufukweni alisema hivyohivyo, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu vichwa: viwili. Mama alikuwa amelala juu ya wavu wa upande wa kulia, kama Papa alivyomwagiza, uzito wake wote huko, vidole vimeshika matundu ya wavu.

Walifika mchangani kwa mwendo wa kawaida. Mama alishuka mwenyewe. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kifuani na midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Alitembea mpaka mahali pakavu, akageuka kuitazama boti kwa muda mrefu.

"Njo hii nimechagua," alisema.

Papa alidhani hakusikia. "Ilikuwa inazama upande moja, Mama Solange."

"Niliona. Mguu moja ilikufa, na imetufikisha. Ile ya siku ya kuvuka haikuwa na mguu ingine." Kisha akamwambia Bashi Mwape, kwa heshima, kwamba boti yake ni nzuri na asikasirike. Bashi Mwape, ambaye bado alikuwa ameshika kamba ya injini, alisema yeye mwenyewe angechagua hivyohivyo.

Papa alikuwa ameinama nyuma ya tumbo la kushoto, akitia kidole kwenye tundu. Niliona mgongo wake unanyooka. Kabla hajauliza, nilikwenda nikamnyooshea mkono.

"Ulitosha weye? Juu ya nini, sababu gani?"

Nilimwambia yote, na yalitoka vibaya, nyuma yakiwa mbele: mbwa, batu batatu, kubakia kwa Bana Mwape, Kongo, nafasi yangu. Papa alisikiliza akiwa amechuchumaa majini. Nilingoja kofi. Hakunipiga, lakini alisema jambo lililoniuma kuliko kofi: "Mama yako alikuwa ndani." Akainuka, akaenda kukunja tanga, na siku mbili nzima hakuzungumza nami zaidi ya kuniambia nilete hiki, niweke kile.

Ni Mama aliyekuja kwangu, jioni ileile, nikiwa nimejificha kati ya mbao za Papa. Alikaa juu ya maranda bila kujali kitenge.

"Nani alikuambia tunarudia Kongo?"

Nilisema hakuna mtu.

"Tulisema utabakia juu ya masomo. Siku za shule. Trésor ananyonya, nitamuacha na nani?" Akachukua kipande cha maranda kilichojikunja, akakinyoosha kati ya vidole. "Unajua siku ya kuvuka tulikuwa bangapi? Tulikuwa batatu. Miye, papa yako, na weye. Batu banasukumana, bamoja banatupa bitu mu mayi. Nilikufunga na bitenge bibili. Nilisema, kama ninaenda chini, tunaenda wote." Akakiweka kile kipande kwenye kichwa changu. "Sasa weye unawaza nitakuacha juu ya boti moja ya kuku."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Yeye aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama kuna karanga zilizobaki.

Boti tuliichukua. Papa alimtengenezea Bana Chola milango na vitanda, na Bana Chola akataka juu yake nyumba ya kuku, yenye rafu za kutagia, kwa kuwa sisi ndio tuliowafukuza. Papa aliitengeneza kwa ustadi kupita kiasi. Siku ya pili ya kuitengeneza alinipa nyundo, na hapo nikajua kwamba amerudi kuwa Papa wangu. Yule mbwa naye alihamia kwetu bila kuitwa. Mama alimfukuza wiki moja, kisha akampa bakuli lake.

Shule zilipofungwa, tulikwenda sote wanne. Papa alisema watoto wawili ni sawa na mkubwa mmoja, na kwamba injinia aliyesema watu watatu alikuwa anapima wazungu. Vitenge vilifungwa ndani ya nailoni na kuwekwa tumboni, katikati. Tuliondoka kunapambazuka, na mimi nililala kifudifudi juu ya wavu, uso kwenye matundu, nikaliona ziwa linapita chini yangu, kijani, kisha jeusi, kisha kijani tena juu ya mchanga. Wimbi lilinirushia maji puani. Kulia kwetu vilipita vijiji ambavyo nilivijua kwa majina tu, vile ambavyo lori la Mama lilivitafuta kutwa. Tanga lilikuwa kimya kabisa. Ilisikika sauti ya maji tu, na Trésor akicheka kila boti iliporuka.

Mama alikuwa amekaa nyuma karibu na Papa, ameshika kamba moja ambayo haikuwa na kazi yoyote. Mwanzoni aliishika kwa mikono miwili. Tulipopita matete ya kwanza alikuwa ameishika kwa mmoja. Baadaye nilipogeuka, kamba ilikuwa imelala pajani mwake na yeye alikuwa anamenya chungwa.

Jua lilikuwa bado halijafika juu Papa aliponyoosha kidole kuonyesha mapaa ya bati, mitumbwi na moshi wa wakaanga samaki. Alianza kulegeza tanga ili tuingie. Mpango ulikuwa tulale hapo, tuuze kesho, turudi.

"Hapa ni wapi?" Mama aliuliza.

"Puta."

"Tayari?"

"Tayari."

Mama aliitazama Puta inavyosogea. Alikula kipande cha chungwa, akampa Trésor kingine, akanirushia mimi changu juu ya wavu. Kisha akauangalia ufuko unaoendelea kaskazini, mpaka pale unapofifia.

"Puta batatungoja," alisema. "Kaza ile tanga, Papa Solange. Nataka kuona Chienge."